Magunia ya Mtu Mwaminifu

Ulimwona. Usiseme hukumwona.

Ulikuwa umekaa barazani pale Majengo, mjini Mpanda, kikombe cha chai mkononi. Akapita mwanamume mwembamba, kichwani amebeba mzigo mkubwa uliofungwa ndani ya jamvi. Mkono wa kushoto ulishika mzigo. Mkono wa kulia ulining'inia tu, kiganja kimelegea kama jani la mgomba lililopigwa na jua. Nyuma yake alikuja mwanamke na mtoto mgongoni. Mtoto halii. Mtoto hachezi. Ameegemeza shavu, macho wazi.

Ukawatazama. Kisha ukageuza uso, ukasema, "Hawa wa kutoka Rukwa huko, sijui wana nini," ukapuliza chai yako.

Hukuwa peke yako. Barabara nzima mligeuza uso. Basi sasa keti usome. Soma taratibu, kama ndiyo kwanza umejua kusoma. Lakini usiruke mstari.

Mtu yule aliitwa Evodi. Kwao ni Kasansa, kwa Wapimbwe, kwenye mashamba ya mpunga. Ilikuwa miaka ya hamsini. Mwingereza alikuwa bado anatawala, na karibu na Mpanda palikuwa na mgodi wa madini ya risasi. Mawe yalichimbwa, yakasagwa, yakawa unga mweusi mzito. Unga ulikaushwa, ukatiwa kwenye magunia, ukapakiwa kwenye treni kwenda pwani. Kazi ya Evodi ilikuwa kushona midomo ya magunia yale.

Alianza kazi ile hajaota ndevu. Aliifanya mpaka ndevu zikamjaa kidevuni. Hakuchelewa. Hakuiba hata uzi. Jioni alirudi kambini mweusi kuanzia nywele hadi kucha, meno tu ndiyo yanaonekana. Akanawa mikono kwa maji ya kopo moja, akala ugali wake.

Mwaka mmoja wafanyakazi waligoma. Hawakutaka makubwa. Walitaka nyumba ya kuogea.

"Tunarudi kwa wake zetu kama tumetoka ndani ya dohani," alisema Kalisti, aliyekuwa msemaji wao. "Unga huu tunaula. Tunalala nao. Tupeni maji na sabuni kabla hatujatoka getini. Ni hilo tu."

Wote walikaa nje juani. Mtu mmoja aliinuka akaingia kazini. Evodi.

"Evodi!" Kalisti alimwita. "Unakwenda wapi?"

"Nakwenda kushona. Bwana hajanikosea kitu."

Mgomo ulivunjika. Kalisti akafukuzwa. Nyumba ya kuogea haikujengwa. Meneja alimpigapiga Evodi begani mbele ya watu wote, akasema kwa Kiswahili chake cha kibwana, "Hii iko mtu mwaminifu." Evodi alilibeba neno lile kama askari anavyobeba medali. Alipokwenda likizo Kasansa aliwasimulia watu. Walipochoka kusikia, alimsimulia mkewe Paskalia.

Kisha mkono ukaanza. Kwanza ganzi vidoleni. Halafu kiganja hakitaki kuinuka. Tumbo nalo likawa linamsokota, anakaa siku nyingi bila kwenda choo. Mshono wake, uliokuwa umenyooka kama reli, ukaanza kupinda.

"Evodi," alisema Gaspar, nyapara wao, mtu wa kutembea na fimbo, "mshono wako siku hizi unakwenda kama mlevi anayetafuta nyumbani."

Meneja alimwita siku hiyohiyo. Hakumpeleka kwa daktari. Alimwambia kazi yake imekwisha. Halafu akaonyesha kwa kidole rundo la magunia ya zamani, yaliyokwisha kutumika, yaliyokuwa kwenye kona ya banda.

"Chukua yote. Zawadi. Mgodi hapana sahau mtu mwaminifu."

Evodi alishukuru. Ndiyo, alishukuru! Aliinama kabisa.

Nyie mnaolima mpunga mnajua gunia lilikuwa nini wakati ule. Watu wa Kasansa walihifadhi mpunga kwenye vihenge, na gunia zima lisilo na tundu lilikuwa kitu cha kuazima, tena kwa maneno matamu. Evodi aliporudi na rundo zima, alirudi kama mtu mkubwa. Wakati wa mavuno mlango wake haukukauka watu.

"Shemeji Evodi, nisaidie mawili tu."

"Chukua, shemeji. Ni ya mgodini hayo. Hayatoboki."

Wa kwanza kuazima siku zote alikuwa Damiano, jirani yake, mtu wa maneno mengi. "Tajiri," alimwita. "Tajiri wa magunia! Mimi nikifa unizike ndani ya moja, jeneza sitaki."

Na kwao, mtu akiazima chombo cha jirani, hakirudishi kitupu. Ni aibu. Ukiazima sufuria, unarudisha na viazi viwili ndani. Ukiazima gunia, unaacha mpunga kidogo chini, kwenye pembe, wa shukrani. Basi magunia ya Evodi yalipokuwa yakirudi, kila moja lilirudi na mpunga wake chini. Paskalia aliyakung'uta yote, akapata mpunga wa kutosha nyumba bila kugusa kihenge. Aliutwanga, akaupika.

"Unaona?" Evodi alisema akimega tonge la wali. "Mgodi bado unatulisha."

Magunia mengine walitandika kitandani. Jingine walitundika mlangoni kuzuia upepo. Binti yao wa mwisho, Romana, mtoto wa kunyonya aliyeanza tu kutembea, alilala juu ya gunia, akalichezea, akalinyonya pembe yake.

Masika yalipoisha, Romana aliacha kutembea.

Alirudi kukaa. Halafu akarudi kulala. Akawa analia akishika tumbo, anatapika, halafu hata kulia akaacha. Mkono wa Evodi, badala ya kupona kwa kupumzika, ulilegea zaidi.

"Kuna mtu hapendi magunia yako," alisema Damiano kwa sauti ya chini. "Si unajua watu."

Evodi aliyaweka maneno yale moyoni. Akaanza kuhesabu majirani. Nani aliazima akanuna? Nani alinyimwa? Mwisho akamfikia Damiano mwenyewe. Akaacha kumsalimia. Waliokuwa wakinywa togwa chungu kimoja sasa walipishana njiani kama hawajuani. Hivyo ndivyo inavyokuwa. Mtu anaumizwa na mkubwa aliye mbali, anamgeukia mwenzake aliye karibu.

Paskalia hakungoja amalize kuhesabu. Asubuhi moja alimfunga Romana mgongoni.

"Unakwenda wapi?"

"Zahanati ya misheni. Kwa nesi Generosa. Wewe baki ukitafuta wachawi. Ukiwapata, nisalimie."

Evodi aliona haya. Akamfuata.

Nesi Generosa alikuwa mama mnene, mpole wa mikono lakini si wa mdomo. Alimpapasa Romana tumboni, akamfungua mdomo, akatazama meno yake machache. Kisha akamgeukia Evodi.

"Na wewe, baba, fungua mdomo."

"Mgonjwa ni mtoto."

"Nimesema fungua."

Evodi akafungua. Generosa alivuta mdomo wa chini kwa kidole. "Mama Romana, njoo uone. Hapa kwenye ufizi, chini ya meno. Unaona mstari wa kijivu, kama mtu amechora kwa mkaa? Hiyo ni risasi."

"Risasi?" Evodi alicheka kidogo. "Dada, mimi sikwenda vita vya Burma. Sijapigwa bunduki."

"Hukupigwa. Umeila. Ulifanya kazi mgodini?"

"Miaka mingi."

"Ule unga mweusi ni sumu, baba. Si ya kuua mara moja kama nyoka. Inaingia kidogo kidogo. Ukivuta vumbi lake, inaingia. Ukila na mkono wenye unga, inaingia. Haina harufu, haina uchungu. Inakaa mwilini. Inafunga tumbo, inalegeza mkono, inamaliza damu."

"Lakini mtoto hajawahi kufika mgodini," alisema Paskalia. "Alizaliwa hapahapa."

"Basi mgodi umemfuata. Mumeo alirudi na nini?"

Evodi alitazama chini. Paskalia alimtazama Evodi.

"Magunia," alisema Paskalia.

"Mnayafanyia nini?"

Paskalia akaeleza. Mlangoni. Kitandani. Mpunga wa shukrani unaorudi chini ya kila gunia, na jinsi anavyoukung'uta vizuri usibaki hata punje. Alipofika hapo sauti ilimkatika. Mikono yake ndiyo iliyokuwa ikikung'uta. Chungu chake ndicho kilichopika.

"Hukujua," alisema Generosa. "Sasa unajua. Vumbi linashuka chini ya gunia, kwenye mshono na pembe. Na ninyi mmekuwa mkila wa kwenye pembe. Ndiyo maana nyumba yenu imeumia kuliko nyingine."

"Nitayachoma leo," alisema Evodi.

"Usichome! Moshi wake mtauvuta kijiji kizima. Usiyatupe mtoni, watu wanakunywa. Usiyakung'ute. Yanyunyizie maji yasitoe vumbi, yakunje, yafunge ndani ya jamvi, halafu mnawe kwa sabuni mikono na uso. Mpunga ule wote wa kwenye magunia msiule tena, wala msiwape kuku. Nyumba msifagie kavu, futeni kwa kitambaa cha maji. Mtoto apewe maziwa, mayai, mboga za majani."

"Na atapona?"

Generosa hakumdanganya. "Akiondolewa kwenye sumu na akitibiwa sasa, atapona. Akichelewa, atapata degedege. Wengine hawaamki. Wengine wanaamka, lakini akili hairudi yote. Dawa yake ni sindano, hapa hatuna. Hospitali ya mgodi inayo."

Evodi aliinua kichwa. "Basi hakuna neno. Kule wananifahamu. Mimi ni mtu mwaminifu wa pale."

Generosa akasema tu, "Nenda na magunia yote. Aliyetengeneza sumu ndiye anayejua pa kuiweka."

Kazi ngumu haikuwa safari. Ilikuwa kuzunguka kijiji kuyakusanya magunia aliyoyagawa kwa majivuno. Nyumba kwa nyumba alisimama mlangoni, mkono umening'inia, akasema, "Nilikupa kitu kibaya. Sikujua. Nirudishie, na huo mpunga uliobaki chini uniachie humohumo."

Wengine walidhani amefilisika. Wengine walinuna. Kwa Damiano alifika mwisho, maana ndiko miguu ilikokuwa mizito.

"Aa, tajiri," Damiano alisema bila kuinuka. "Leo unanisalimia?"

"Damiano, nilidhani umeniroga."

"Najua. Mke wako alimwambia mke wangu." Damiano akacheka kwa pua. "Ningekuwa na uchawi, mzee, ningeanza na panya wa kihenge changu." Akaingia ndani, akatoka na magunia, ameyafunga tayari. Uso haukuwa na mzaha tena. "Mtoto wangu wa pili naye analalamika tumbo. Nilikuwa nasema ni minyoo. Sema ukweli, Evodi."

Evodi akamwambia ukweli wote, kama alivyoambiwa yeye. Damiano alisikiliza mpaka mwisho.

"Wangu atangoja hapa kwanza," alisema. "Jina lake ulitaje hukohuko getini."

Walipata lori la samaki wa Ziwa Rukwa lililokuwa linapanda Mpanda. Njiani walisimama kwenye kizuizi cha mbung'o. Walinzi wa serikali, nyavu mkononi, walizunguka lori, wakainama chini ya magurudumu, wakatazama migongo ya abiria, wakitafuta inzi.

"Hapo ndani ya jamvi kuna nini?" mmoja aliuliza.

"Sumu," alijibu Paskalia.

Mlinzi alicheka. "Ina mbung'o?"

"Haina."

"Pita, mama."

Kumbuka hilo. Palikuwa na mtu wa kumtafuta inzi mmoja mgongoni mwa lori. Hapakuwa na mtu wa kuangalia gunia.

Getini kwa hospitali ya mgodi walimkuta Gaspar na fimbo yake. Aliwafahamu mara moja.

"Evodi! Umenona kidogo? Hapana, umekonda. Unataka nini?"

"Mtoto wangu ameingiwa na risasi. Na mimi pia. Tunataka daktari."

Gaspar alitazama pembeni. "Hospitali ni ya wafanyakazi."

"Mimi nani?"

"Wewe uliacha."

"Sikuacha, Gaspar. Niliachishwa. Wewe ulikuwapo. Hebu ingia umwambie meneja ni Evodi. Evodi yule wa mgomo. Atakumbuka."

Gaspar aliingia. Walingoja juani. Romana alikuwa amelala mgongoni, mdomo wazi. Gaspar alirudi anachora mchanga kwa ncha ya fimbo.

"Amesema hakumbuki jina. Amesema waliokuwa wafanyakazi ni wengi, hospitali haiwezi kumtibu kila mtu aliyepita hapa."

Kitu ambacho Evodi alikuwa amekibeba miaka yote, lile neno la begani, kilishuka kimya, kikavunjika. Alitazama mikono yake. Mmoja mzima, mmoja umekufa. Alikuwa ameutoa kwa mtu asiyemjua jina.

Paskalia alimgusa. "Baba Romana. Utalia baadaye. Kalisti anakaa wapi?"

"Siwezi kwenda kwa Kalisti."

"Kwa nini?"

"Wewe unajua kwa nini."

"Basi mpe mtoto aibu yako aile apone."

Evodi akajitwika mzigo. Ndiyo siku ile walipopita Majengo mbele yako, na wewe ukapuliza chai.

Kalisti alikuwa fundi baiskeli sasa. Alikuwa amechuchumaa akiziba mpira kando ya nyumba yake. Aliona miguu, akapandisha macho mpaka usoni.

"Hee! Umekumbuka njia ya kwangu? Bwana hajakukosea kitu?"

Evodi alitua mzigo. "Amenikosea. Na mimi nilikukosea wewe. Wewe uliomba maji ya kuogea, mimi nikaingia kushona. Tungepata ile nyumba, mwanangu asingekuwa hivi."

Kalisti alitaka kusema neno chungu. Lilikuwa tayari mdomoni, limekaa miaka. Halafu akamwona Romana. Akaweka gundi yake ya solo chini, akafuta mikono kwa suruali.

"Mke wangu!" aliita. "Tuna wageni. Lete maji ya kunawa kwanza." Kisha akamgeukia Evodi. "Kukukasirikia bado nakukasirikia. Ila hilo ni la baadaye. Ukienda peke yako ni ombaomba. Tukienda wengi ni jambo. Kule Shanwe, jirani hapa, kuna watu wawili viganja vimelegea kama chako. Hapa Majengo kuna mjane, mumewe alikuwa mkaushaji wa ule unga. Nao walifungiwa geti. Kila mmoja alirudi akajifungia na aibu yake, akidhani ni yeye tu. Kesho asubuhi, zamu inapobadilika, geti linafunguliwa na watu wote wanakuwa pale, wanaotoka na wanaoingia. Tutasimama hapo."

"Tuseme nini?" aliuliza mmoja wa wale wa Shanwe walipokutana jioni. "Tukisema sumu, watasema tunaota. Watasema ni malaria."

Paskalia alikuwa akimnywesha Romana maziwa kwa kijiko. Alisema bila kuinua uso, "Kwetu chombo cha mtu hatukirudishi kitupu. Mpunga upo. Naomba kinu na sufuria ambavyo hamtavitumia tena."

Asubuhi watu wa zamu walikuta jambo geni. Mbele ya geti la mgodi palikuwa na mafiga matatu na moto. Paskalia alikuwa anapika wali. Kando yake Evodi alikuwa amefungua jamvi, magunia yamepangwa yakiwa na unyevu. Kalisti alisimama pale akipaza sauti, "Mtu asiguse! Mtu asionje! Wali huu una mwenyewe!"

Watu wa zamu hawakupita. Waliotoka walisimama. Walioingia walisimama. Meneja alikuja, daktari wa mgodi nyuma yake.

"Hii iko nini hapa?"

Evodi alisogea mbele. "Bwana, ni Evodi. Ulinipa magunia haya. Nimeyarudisha."

"Mimi nakupa zawadi, wewe naleta shauri?"

"Nashukuru kwa zawadi. Ndiyo maana sikuyarudisha matupu. Kila gunia lilikuwa na mpunga chini. Mke wangu amekupikia. Ni wali uleule aliokula mwanangu." Alipakua bakuli kwa mkono wa kushoto. "Karibu."

Meneja alitazama bakuli. "Hapana taka. Mimi nakula kwisha."

"Gaspar, wewe basi. Wewe ni wa kwetu. Kula."

Gaspar alinyoosha mkono nusu, mazoea ya mtu aliyekaribishwa. Daktari akapaza sauti, "Usile hiyo!"

Alisema kwa haraka, kabla hajafikiri. Lakini alikwisha sema, na watu wote walisikia.

Meneja alimgeukia daktari akiwa ameiva uso. Kalisti alizungumza taratibu. "Kwa nini asile, daktari? Ni wali tu. Magunia tu. Si mliyatoa zawadi?"

Gaspar alikuwa bado amenyoosha mkono. Aliurudisha, akautazama. "Nyumbani kwangu," alisema, "watoto wangu wanalalia manne." Akaiweka fimbo yake chini, karibu na magunia, akaenda kusimama upande wa Evodi.

Mtu mmoja akakaa chini. Wa pili akakaa. Halafu watu wote wa zamu mbili walikaa chini mbele ya geti, na siku hiyo mashine za kusaga mawe hazikulia.

Jua lilipopanda, daktari alitoka tena. Alimwendea Paskalia. "Mlete mtoto. Na wewe Evodi, ingia."

Paskalia aliingia na Romana. Geti likabaki wazi likimngoja Evodi. Alikuwa na mkono mgonjwa. Alikuwa na haki ya kuingia. Aliitazama ile njia aliyoipita siku ya mgomo, peke yake, watu wakimwita.

"Safari hii siingii," alisema. "Waingie hawa wa Shanwe kwanza. Na mtoto wa Damiano wa Kasansa, aandikwe aletwe. Na nyumba ya kuogea. Nikisikia imekubaliwa, nitaingia."

Akakaa chini juani, karibu na Kalisti. Kalisti alimsogezea kipande cha kivuli cha kofia yake, bila kumtazama.

Haikuwa siku moja. Walikaa, wakaondoka, wakarudi, wakakaa tena. Mwisho meneja alikubali, si kwa huruma. Mawe yalikuwa yanalala chini na treni inangoja. Waliokuwa wafanyakazi wakafunguliwa hospitali. Nyumba ya kuogea ikajengwa, na nguo za kazi zikabaki mgodini. Hakuna gunia lililotoka tena getini kwenda kwenye nyumba ya mtu, na yale yaliyokwisha kutoka yalikusanywa, yakazikwa mbali na maji.

Romana alichomwa sindano, akanywa maziwa, akalala sana. Siku moja alishika kidole cha baba yake, akasimama. Mtoto wa Damiano naye alitibiwa, akapona. Mkono wa Evodi ulirudi nusu. Unashika jembe, haushiki sindano ya kushonea. Alipoulizwa kama anasikitika, alijibu, "Sindano nimeshaishika ya kutosha."

Siku ya kurudi Kasansa, Kalisti aliwasindikiza hadi kwenye lori. Alimwazima Evodi kapu la safari. Lilirudi Majengo na lori la samaki, limejaa mchele wa kwenye kihenge, uliopepetwa vizuri. Kalisti aliupika, akala.

Haya. Hadithi imefika, lakini wewe hujafika popote. Mgodi ule ulifungwa siku nyingi. Mingine imefunguliwa. Pipa unalotekea maji lilikuwa na nini kabla hujalipata? Galoni la mafuta ya kula lilitoka shamba gani, lilibeba dawa gani ya wadudu? Nguo ya kazi ya mumeo unaifua kwenye beseni gani, na mtoto anaogeshwa kwenye beseni gani? Na yule jirani aliyerudi kutoka kazini amelegea mkono, unayepishana naye kila siku, umemwuliza nini?

Weka kitabu chini. Toka nje uliangalie lile pipa sasa hivi. Kama hujui lilibeba nini, usiteke tena maji yake leo, wala usilichome, wala usilitupe mtoni. Lifunge, uwaite wenzako, mlirudishe mlangoni kwa aliyelitoa, mkiwa wengi. Ukimaliza nenda kwa jirani yule. Mshike ule mkono uliolegea, mwinue, mwende naye hospitali. Usipulize chai. Inuka.